Kwa Madam, ghorofa ya pili: Kiingereza cha mdomoni, Kariakoo

Kibao chake hakina jina. Kimeandikwa ENGLISH COURSE kwa rangi nyekundu, chini yake namba ya simu iliyofutika nusu, halafu mshale unaoelekeza kwenye ngazi kati ya duka la dawa na duka la vipodozi, Kariakoo upande wa Gerezani. Wanaosoma pale wanapaita kwa Madam, nami nitapaita hivyo hivyo. Mashoga zangu wa kikoba wamekuwa wakiniuliza kama panafaa au ni wale wale wa "ongea Kiingereza ndani ya miezi mitatu", na nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Kwa anayetaka kufungua mdomo, panafaa. Anayetaka cheti cha kutundika ukutani apite moja kwa moja, ngazi asizipande.

Kwanza mjue mimi nina shida gani na Kiingereza, maana sifa za mtu mwenye shida tofauti na yako hazikusaidii. Nauza mapazia na mashuka hapa hapa Kariakoo. Kidato cha nne nilimaliza. Shule ya msingi tulifundishwa kwa Kiswahili, kama ilivyo kwenye shule za serikali tangu 1967, halafu sekondari kila somo likageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Tukakariri. Hadi leo naweza kukuandikia maana ya osmosis kama ilivyokuwa ubaoni, na mkato mahali pake. Lakini mgeni akiingia dukani akauliza kama kitambaa kinafuliwa kwa mashine, nilikuwa namwita kijana wa duka la pili.

Mgeni wa dukani si tatizo kubwa, anaweza kuonyeshwa kwa vidole. Tatizo langu ni Guangzhou. Mzigo wangu unatoka huko, na miaka yote nimekuwa natumia ajenti, kijana wetu wa Kitanzania anayeishi kule. Anaongea na kiwanda, anakagua majora, anapeleka kwa wasafirishaji, anakata kamisheni yake. Simlaumu, ni kazi na anaifanya. Ila kila swali langu likipita kwake linarudi limenyolewa. Namwuliza uzito wa kitambaa, ananijibu "kipo poa tu mama". Pazia la kuzuia mwanga linapimwa kwa gramu za kila mita ya mraba, na likipungua gramu hamsini mteja wa Mbezi analiona jua likipenya saa moja asubuhi na kunirudishia. "Poa tu" haina gramu.

Kinachonichekesha ni kwamba Wachina wa hapa Kariakoo wanaongea Kiswahili, tena cha mtaani. Unapunguziwa bei kwa Kiswahili, unaambiwa "dada hiyo haiwezekani, mzigo umepanda" kwa Kiswahili. Kwa hiyo Mchina wa kwetu namwelewa bila kamusi, ila wa kwao mpaka tukutane kwenye Kiingereza, lugha ambayo si yake wala si yangu. Yule dada wa kiwandani naye kaisoma darasani kama mimi. Hilo mliweke akilini, nitalirudia kidogo.

Mtaniuliza kuhusu kutafsiri kwa simu. WeChat ina kitufe cha kutafsiri na ninakitumia kwenye orodha ya rangi na vipimo, kinafanya kazi. Kwenye kubishania bei kinakwama. Ukisubiri simu itafute maneno, mwenzio keshahudumia watu wawili. Halafu kuna saa. Wao wametutangulia saa tano. Nikifungua duka saa tatu asubuhi kule ni saa nane mchana, na ikifika saa sita kwangu wao wanafunga, saa kumi na moja jioni. Nina asubuhi moja ya kuongea na binadamu, na asubuhi hiyo hiyo wateja wa mikoani ndio wanashuka kutoka kwenye mabasi wakitaka kuhudumiwa.

Kabla ya kwa Madam nililipia kwingine, ukumbi mkubwa ambao jina lake nitaliacha huko huko. Watu kama arobaini, viti vya plastiki, mwalimu kijana mwenye suti na sauti ya redioni. Kipindi dakika tisini. Yeye anaongea saa nzima, na anaongea vizuri kweli, unatoka umefurahi na umecheka. Sasa piga hesabu. Zimebaki dakika thelathini, gawanya kwa watu arobaini, kila mmoja sekunde arobaini na tano, na hapo hujawaondoa wale wawili wa mbele wanaojibu kila kitu. Sekunde arobaini na tano ni salamu, jina na unakotoka. Ndiyo maana mtu anasoma kozi mpaka anamaliza, simu ya Kiingereza ikiita anampa mtoto wa jirani apokee. Tangu nilipopiga hesabu ile siulizi tena wanatumia kitabu gani wala mwalimu alisomea nchi gani. Nauliza: ndani ya dakika tisini, mdomo wangu utafunguka dakika ngapi?

Kwa Madam ni nusu saa, mara nyingine zaidi. Hapokei zaidi ya watu kumi na wawili, wa kumi na tatu anasubiri mwezi ujao hata akija na hela mkononi, nimemwona kwa macho yangu akimrudisha mtu. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, jioni tatu kwa wiki, saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu. Fotokopi 5,000 juu yake. Ukizijumlisha ni bei ya seti nzuri ya mashuka ya sita kwa sita dukani kwangu, na mashuka nayajua, kwa hiyo siiti bei ndogo. Unalipa kwa simu au mkononi. Risiti anatoa ukiidai tu, basi uidai.

Neno moja kuhusu jengo. Tangu lile ghorofa la Kariakoo liporomoke Novemba 2024, mimi nikiingia jengo lolote la huku naangalia kuta kwanza. Hili ni la zamani, ngazi zake pana, nguzo hazina nyufa ninazoziona, na hakuna anayechimba chini kuongeza chumba. Nilipitia chini mwenyewe kabla ya kulipa. Sasa turudi darasani.

Madam ni mwalimu mstaafu wa sekondari, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni. Jioni ya kwanza hakutuuliza tunajua nini. Alitupitia mmoja mmoja akiuliza, "Unataka kuongea na nani?" Dereva wa bajaji akasema abiria wa Masaki. Muuguzi akasema wagonjwa, na baadaye watu wa kumpa kazi nje. Mlinzi wa kampuni akasema wageni wa getini, wanaomjibu haraka haraka halafu wanapita. Binti aliyemaliza kidato cha nne akasema watu wa usaili. Mimi nikasema dada mmoja Guangzhou. Aliandika yote kwenye daftari, na mpaka leo hakuna zoezi analolitoa bila kugusa mmoja wa watu wale. Daftari langu ukurasa wa kwanza hauna "this is a table". Una maswali ninayotaka kumwuliza yule dada, mepesi kwanza: gramu ngapi, upana gani, rangi itachuja, sampuli mtatuma lini.

Mlangoni kuna kopo la maziwa ya unga. Ukishavuka kizingiti, neno la Kiswahili ni shilingi mia mbili, unaitumbukiza mwenyewe. Shikamoo imesamehewa, Madam alisema hawezi kumtoza mtoto wa mtu kwa kuwa na adabu. "Samahani" haijasamehewa, na hiyo ndiyo inayolijaza kopo. Mwisho wa mwezi zinanunuliwa karanga na maji, tunakula hela zetu wenyewe.

Zoezi lake kubwa ni la migongo. Mnakaa wawili wawili mmepeana migongo, kila mtu na karatasi yake, mnaongea mkijifanya mko kwenye simu. Ukiwa umemtazama mtu unamwelewa kwa uso na mikono, mkono ukipanda umejua bei imepanda. Ukimpa mgongo, huna cha kushika ila maneno. Jioni ya kwanza ya migongo darasa zima lilipiga kelele kama mnada, kila mtu "hello, hello", na Madam akipita katikati na kipande cha boksi cha njano mkononi. Huyo wa bajaji alikuwa mwenye kiwanda, mimi mteja. Alinipandishia bei bila huruma, nadhani anakumbuka nauli alizobishiwa.

Kile kipande cha njano kina kazi yake. Darasani nina umri wa kumzaa binti wa usaili, na mwanzoni hakuna kijana aliyethubutu kunisahihisha. Wananiita mama, nikikosea wanaangalia sakafu. Madam aliliona. Akamkatia kila mmoja kipande cha boksi la njano: ukisikia kosa unakinyanyua, husemi kitu, aliyekosea anarudia sentensi mwenyewe mpaka kishuke. Tangu hapo watoto wananinyanyulia bila aibu, heshima iko pale pale, na mimi nimejua makosa yangu yalipo. Nimesoma kwa walimu wengi na hili sikuliona kwa yeyote.

Kwenye sarufi nitasimama kwa muda, maana ndipo pesa ilipo. Sisi wauzaji tunaandika "I send money" tukadhani tumemaliza. Dada wa kiwandani akiisoma hajui kama umeshatuma, unatuma sasa, au ni tabia yako kutuma. Hafungui mashine. Unabaki Kariakoo unalaani kiwanda na wao wanasubiri hela. Madam anatundika kalenda ukutani, ile ya benki yenye tarehe kubwa. Unasimama, unagusa tarehe, unasema. Ukigusa jana unasema "I sent the money yesterday". Kama hutaji siku, unachotaka ajue ni kwamba jambo limekwisha na aendelee na kazi, unasema "I have sent the money". Ukigusa kesho, "I will send". Na amri yake ambayo hakuna anayeisahau ni hii: siku iliyopita ikitajwa, "have" inatoka nje. Kiswahili kinakuruhusu "jana nimekutumia" na mambo yanakwenda. Kiingereza hakikuruhusu, kwa hiyo mkono wako lazima uzoee kwenda kwenye kalenda kabla ya mdomo. Wengine wetu bado tunanyoosha kidole hewani tukiongea na simu.

Jingine ni tarakimu. Hili niliwahi kudhani ni la watoto. Kiswahili chetu mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, neno baada ya neno, kwa hiyo ulimi wa kwetu unaitamka "thirteen" na "thirty" karibu sawa. Kwa Kiingereza kumi na tatu inavutwa mwishoni, thelathini inapigwa mwanzoni na mkia wake mfupi. Ukikosea hapo kwenye bei ya mita au kwenye sibiemu za mzigo, yaani mita za ujazo, umekosea kontena. Madam anatutungia bei: kumi na nne au arobaini, kumi na tano au hamsini, mnapeana migongo, mmoja anataja mwingine anaandika, halafu karatasi zinalinganishwa. Lakini kilicho bora alichotufundisha ni kutoamini masikio. Ukisikia namba, irudie tarakimu kwa tarakimu: "One three, or three zero?" Nani atakukasirikia kwa kuuliza hivyo? Na kumbuka yule dada naye mkazo wake ni wa Kichina. Hapo hakuna mwenye lugha, mnahitaji njia ya kuhakikisha tu.

Na kuna neno la mashuka. Wauza mashuka wote wanajua ninachosema. Neno lile la Kiingereza, "sheet", irabu yake isipovutwa, linageuka tusi, na sisi irabu zetu hatuna ndefu na fupi za namna hiyo. Madam hakulikwepa wala hakucheka. Alinisimamisha, akaniambia nitabasamu nikilitamka, kwa sababu midomo ikitanuka irabu inarefuka yenyewe. Kwa hiyo siku hizi nauza mashuka huku nimetabasamu, na wateja wanadhani nina furaha.

Mambo ya he na she yanachukua muda mfupi kuyaeleza na mrefu kuyazoea, hayana siri, ni kunyanyuliwa njano mpaka uzoee. Ya adabu ni mepesi zaidi: kwetu huwezi kuingia ukasema "nipe", unasema "naomba", na Kiingereza nacho kina "could you" yake. Anayesema "give me discount" anamkasirisha mtu bila kujua.

Kwa maneno, Madam ana orodha yake ya zamani, karatasi zilizochoka, ya maneno kama 2,000 yanayotumika sana. Iliandaliwa na Mwingereza Michael West na kuchapwa 1953, kwa hiyo usitegemee kukuta intaneti humo. Ila ukiipitia unagundua nusu ya hayo unayajua kwa macho kutoka sekondari, hujawahi tu kuyatoa mdomoni. Tunachukua machache kila wiki na kila neno linaandikwa na wenzake linaotembea nao: oda inakuwa "place an order", arabuni inakuwa "pay a deposit". Neno peke yake hatufundishwi. Mimi naandika kwenye yale maboksi membamba yanayokaa ndani ya pakiti za mashuka ili yasikunjike. Nilikuwa nayatupa. Sasa nina rundo kaunta, nikiwa sina mteja nayageuza moja moja, ninayoyapata yanaenda nyuma, yanayonishinda yanabaki mbele.

Darasa limenisaidia? Mzigo wa mwisho nilipiga simu mwenyewe. Nilikuwa na karatasi mbele yangu na jasho mgongoni, lakini niliuliza gramu nikajibiwa gramu, niliuliza kama rangi ya kijivu ni ile ya sampuli au nyingine, akasema imebadilika kidogo, jambo ambalo kwa njia ya zamani ningelijua likiwa limeshafika bandarini. Akasema siku "thirty". Nikamwuliza three zero? Akacheka, yes, three zero. Ajenti wangu bado ninaye kwa ukaguzi na usafirishaji, maana macho ya mtu wako kiwandani Kiingereza hakiyafidii. Kamisheni tumeipunguza kwa maelewano. Anasema amefurahi kupungukiwa maswali. Labda.

Sasa ya kukera, na yapo.

Kusikiliza ni sehemu mbovu kuliko zote. Madam ana spika ndogo anayoiunganisha na simu, anatuchezea mazungumzo, na chini barabarani kuna vipaza sauti vya mashati ya elfu tano tano tano, vimerekodiwa na havichoki. Spika haina ubavu. Umeme ukikatika inaongezeka jenereta ya duka la dawa. Nimeacha kutegemea darasa kwa hilo. Nasikiliza nyumbani vipindi vya BBC vya wanaojifunza Kiingereza, kile cha dakika sita, ni bure na unaweza kusoma maandishi yake huku ukisikiliza. Wenye kutaka utulivu wa kusoma wajue pia kwamba Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed ina mahali pa kukaa na kusoma, na vipokea sauti vya masikioni unaweza kuvaa bila mtu kukusemesha.

Fotokopi zake ni fotokopi za fotokopi. Kuna ukurasa wa vitenzi ambao safu ya tatu haisomeki kabisa, na ndiyo safu unayoihitaji. Kwa shilingi 5,000 tungeweza kupata karatasi safi, nimemwambia na nitamwambia tena.

Hapimi ngazi. Anakuuliza maswali mawili mlangoni na kukukaribisha. Kwa hiyo muuguzi anayeandika insha anakaa na mlinzi anayeanza alfabeti. Ukipangwa na aliyekuzidi unafaidi, ukipangwa na uliyemzidi unafundisha bila malipo. Madam anabadilisha jozi kila jioni, inasaidia, haimalizi tatizo. Muuguzi mwenyewe naona anapoteza muda kwa lile lengo lake la pili. Anataka IELTS, na ule ni mtihani wa Kiingereza wenye sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Kwenye kuongea hapa atatoboa, ni mahojiano ya dakika kumi na moja hadi kumi na nne na mtahini mmoja. Kwenye kuandika anatakiwa aandike insha ya maneno yasiyopungua 250 na andiko jingine fupi la maneno yasiyopungua 150 ndani ya saa moja, na kwa Madam hatuandiki zaidi ya ujumbe wa WhatsApp. Matokeo yake yana uhai wa miaka miwili, hivyo kukurupuka ni kuchoma hela. Nimemshauri atafute mtu wa mitihani kwa hiyo sehemu, na huku aje kwa ajili ya mdomo tu.

Madam ana ugonjwa wa "the". Unaweza kuwa katikati ya sentensi nzuri, bei imekubalika, mzigo umepakiwa, anakusimamisha kwa sababu hukusema "the". Ninaelewa kwamba ni kosa. Lakini yule dada wa Guangzhou naye haisemi, na mzigo unafika. Angetuachia tumalize ndipo asahihishe. Kwenye nyakati na tarakimu akate maneno yetu hata kila sekunde, pale kuna hasara. Kwenye "the" atuvumilie.

Cheti anakupa kama ukitaka, amekichapa mwenyewe, kina maua pembeni. Hakitambuliwi popote na yeye anakuambia hivyo kabla hujalipa. Nilimpenda kwa hilo.

Kuna la mvua. Masika Jangwani ikijaa maji barabara inafungwa, na wote wanaotoka Magomeni, Manzese na Kimara hawavuki. Jioni hizo mnajikuta wanne, na kipindi hakifidiwi. Mkiwa wanne mnaongea mpaka koo linakauka, kwa hiyo aliyefika anafaidi, ila aliyekwama kwenye mwendokasi kalipa sawa na wewe. Hapo anatakiwa aweke utaratibu.

Kwa kina mama wenzangu wanaouliza kuhusu usiku: mnatoka saa moja na nusu, ngazi zina taa, mtaa bado una watu na mama lishe wanafungasha. Kituo cha Gerezani hakiko mbali, ila foleni ya mwendokasi saa ile ni ya kusukumana. Mimi huwa natembea na binti wa usaili na mlinzi anayeenda zamu, na njiani Kiswahili hakitozwi.

Sitampeleka kwa Madam mtoto wa shule anayejiandaa na mtihani wa taifa, wala mtu anayetaka kuandika barua za ofisini. Nitampeleka fundi, dereva, mhudumu wa hoteli, dada wa mapokezi, mfanyabiashara mwenye mtu wake Guangzhou, Dubai au Istanbul, yeyote ambaye Kiingereza amekisoma miaka na kimemkwama kooni. Binti wa usaili tayari ameitwa mara moja kwenye hoteli mjini. Kazi hajapata, lakini anasema aliongea mpaka wakamwambia imetosha.

Makundi mapya yanaanza wiki ya kwanza ya kila mwezi. Ile namba ya kibaoni haisomeki vizuri, panda tu juu kabla ya saa kumi na moja na nusu utamkuta anafuta ubao. Nenda ukijua jibu la swali lake, unataka kuongea na nani, kwa sababu ukisema "na watu wote" anakurudisha ukafikirie. Beba daftari kubwa na maji ya kunywa, feni ni moja na iko upande wa dirisha. Choo kipo ghorofa ya kwanza, ufunguo anao mlinzi wa jengo.